Mikindani au Shangani? Kwa aliyepata uhamisho wa Mtwara

Barua ya uhamisho ikishatoka, wengi hunipigia simu na swali moja: "Nipange wapi?" Ni watu wa Dodoma, Mwanza au Singida, ambao Mtwara wanaijua kwa korosho na gesi, basi. Dalali wa kwanza atakutajia Shangani, maana huko ndiko kwenye nyumba zinazomwachia chochote mfukoni. Wafanyakazi wenzako watakutajia Chuno au Ligula, na si vibaya, ni mitaa ya kawaida ambamo mtu anaishi bila makuu. Mikindani hataitaja mtu mpaka uulize mwenyewe, na ukiuliza utaambiwa, "Kule mbali, dada. Halafu kule kuna wenyewe."

Nimekaa kote. Mimi ni muuguzi, nilikuja Mtwara na mtoto mmoja, jiko la mafuta na magodoro mawili. Shangani nilikaa miaka minne. Mikindani huu ni mwaka wa sita, kwa hiyo umeshajua mizani yangu imelalia wapi. Lakini nimewashauri watu watatu waende Shangani na wote bado wako huko, hawana habari ya kuhama.

Kistari cha katikati

Soma jina la manispaa: Mtwara-Mikindani. Kile kistari, kwa barabara ya kwenda Lindi, ni kilomita kama kumi. Kwa umri ni safari nyingine kabisa. Mikindani ni mama mzee, na Mtwara mjini ni mtoto aliyezaliwa mwishomwisho, akamrithi mama angali hai.

Mikindani ilikuwa bandari ya majahazi wakati Mtwara mjini hakuna mji. Ghuba yake imejifunga karibu pande zote, mlango wake mwembamba, ndani maji yametulia kama ya mtungini. Karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishusha hapa pembe za ndovu, sandarusi na watu. Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na hadi leo lipo jengo katikati ya mji wanaloliita soko la watumwa. David Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866, akaanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara, ile ambayo hakurudi. Ipo nyumba yenye kibao cha jina lake. Watalii hupiga picha mlangoni, watoto wa jirani nao hujipenyeza kwenye picha.

Mwaka 1888, pwani ilipowaka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, Lindi na Mikindani nazo ziliwatimua watu wa kampuni hiyo. Wakarudi wakiwa na serikali na askari, na mwaka 1895 wakajenga boma jeupe kilimani. Boma hilo lilikuja kuchakaa vibaya, mpaka shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 likawa hoteli. Sisi wa mtaani tunalitumia kuelekezana njia: "Ukiliona Boma, umeshapita."

Unaweza kusema yote haya yanamhusu nini mtu anayetafuta chumba na sebule. Yanamhusu. Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza bibi mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, ukoo wao ulifikaje Mikindani. Akanimiminia kahawa, akaanza kunisimulia habari za mvua. Baadaye jirani akanivuta pembeni: mji uliowahi kuuza watu, wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanapakana kuta, wanaoana, wanasali safu moja. Swali la asili ya mtu haliulizwi barazani. Huo ni usia wa kwanza wa Mikindani, na hutaukuta kwenye mkataba wa kupanga.

Shangani haina la namna hiyo, kwa sababu haina wajukuu wa mtu yeyote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha ule mradi wa karanga wa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji pa kutokea. Ghuba ya Mikindani ni ya majahazi. Ghuba ya Mtwara ina kina cha kuingiza meli kubwa. Mji ukachorwa kwenye karatasi kabla ya kupata watu: barabara pana, viwanja vikubwa, nafasi kila upande. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, karanga hazikuota kama hesabu zilivyosema, lakini bandari ilikuwa imeshaanzwa na gati likafunguliwa mwaka 1954. Reli ya kwenda Nachingwea haikufika mbali kimaisha, ilifungwa mara tu baada ya uhuru. Mpaka leo tuna kata inaitwa Reli, garimoshi lenyewe hakuna.

Shangani ulikuwa upande wa maofisa, kwenye upepo wa bahari, nyumba zimesimama mbalimbali kila moja na uwanja wake. Aliyezichora hakutaka jirani asikie kikohozi cha jirani. Uhuru ulipokuja, funguo zikahamia kwa maofisa wetu, na tabia ya mtaa haikubadilika sana: anayekaa Shangani ni aliyeletwa na kazi, na kazi ndiyo itakayomwondoa. Kisha ikaja homa ya gesi, makampuni yakaja kutafuta baharini, na wenye nyumba wakaanza kutaja kodi kwa dola. Nilipofika mimi homa ilikuwa inashuka, ila bei zilikuwa bado hazijapata habari.

Kitunguu

Sasa nije kwenye lililonifanya nihame.

Shangani nilikuwa na ukuta, geti na mlinzi kutoka Newala aliyekuwa akinifundisha Kimakonde kidogokidogo. Jirani wa kushoto nilimjua kwa honi mwaka mzima. Uso wake niliuona siku lori lilipokuja kubeba vyombo vyake. Naye alikuwa amepata uhamisho. Nilipofiwa na mama yangu, wenzangu wa kazini walikuja na gari la ofisi, wakatoa rambirambi kwenye bahasha yenye orodha ya majina, wakakaa nusu saa, wakaondoka. Sikuwalaumu, na mimi nimefanya hivyohivyo kwa wengine. Hivyo ndivyo Shangani inavyofiwa: kwa heshima, kwa bahasha na kwa muda wa kazi.

Mikindani, wiki ya pili tu, alikufa mzee nisiyemjua mtaa wa pili. Nikajifunga kanga, nikaenda na bahasha yangu kama nilivyozoea. Mama mmoja akaipokea, akampa anayeandika, kisha akaniangalia mkono. "Saa vua. Pesa tumepokea, mwanangu, sasa shika kisu." Akanisogezea gunia la vitunguu. Nilimenya toka saa mbili asubuhi mpaka maiti inatoka. Jioni nilikuwa najua nani mke mkubwa, nani hasemeshani na nani, nani ana kisukari hameza dawa, na wao walikuwa wanajua mshahara wangu unaingia tarehe ngapi. Tangu siku hiyo jina langu la kazini halitumiki mtaani. Mimi ni Mama Sindano.

Hapo ndipo pazuri, na hapohapo ndipo pabaya. Mama Sindano hana zamu ya kupumzika. Hodi ya saa saba usiku, mtoto ana degedege. Hodi ya alfajiri, bibi amepanda presha. Kuna mwezi niliwahi kununua dagaa siku tatu mfululizo, mwenye duka akaniuliza, tena mbele ya wateja, kama serikali imechelewesha. Ndugu yangu wa kiume alipokuja kunitembelea kutoka Songea, kabla hajamaliza chai ya kwanza nilikuwa nimeshaulizwa na watu wanne kama ndiye baba wa mtoto. Mwanamke aliyehamia peke yake atahojiwa, na atajibu, maana asipojibu watamjibia.

Mtoto wangu naye amekua mikononi mwa mtaa. Akiruka ukuta wa shule anachapwa kabla sijajua, na nikirudi kazini nimechelewa namkuta ameshakula, ameoga, kalala kwa jirani. Shangani, nikichelewa, nilikuwa nampigia dada wa kazi simu kila dakika kumi. Mzani huo kila mzazi ataupima mwenyewe.

Niwatendee haki watu wa Shangani: jamii ipo, ila haikai nyumbani. Ipo ufukweni jioni, maji yakipwa, mchanga unabaki mpana na vijana wanapiga mpira wa magoli ya vijiti mpaka bahari irudi kudai uwanja. Ipo feri asubuhi, boti zinaposhusha samaki, na pale mbele yako anasimama hakimu na kuli wote wakibishana bei ya changu. Ipo kwenye kwaya, kwenye vikoba vya maofisini, kwenye makundi ya simu. Ni jamii ya kuchagua, unaingia ukitaka na unatoka bila maelezo. Mikindani hukuchagua kuingia na hutatoka.

Nyumba zenyewe

Kwa Shangani sina mengi. Nyumba za zamani zina dari ya juu, veranda pana, na zinapitisha upepo hata mwezi wa pili. Mpya zina vigae na feni. Kodi ni kubwa kuliko karibu mitaa yote ya mjini, na kwa Mikindani unaweza kupata nyumba nzima kwa bei ya nusu nyumba ya Shangani, wakati mwingine chini ya hapo. Chumvi ya bahari inakula bati, friji na nyaya za umeme huku na huku, hilo halina mshindi. Kazini na hospitali ya Ligula, kwa aliyeko Shangani, ni karibu. Mimi hulipa nauli kila siku, na daladala zikipungua usiku nalipa bodaboda ambayo nayo ina bei ya usiku.

Mikindani ina nyumba za aina mbili. Za tofali za saruji kando ya barabara kuu, ambazo ni nyumba kama za popote, isipokuwa malori ya saruji, ya korosho na ya makaa ya mawe yanapita dirishani kwenda bandarini. Usipange hapo kama una usingizi mwepesi. Aina ya pili ni nyumba za mawe mji wa kale, na hizi ndizo zinazowapumbaza wageni: milango ya nakshi, ukuta mnene kama unene wa kitanda, baridi mchana kutwa. Nilipumbaa, nikapanga.

Ikiwa na wewe utapumbaa, sikiliza hili moja. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wake unavuta unyevu na kuutoa, chokaa inauruhusu upite. Mwenye nyumba mwenye haraka, akiona plasta imebanduka, anaita fundi wa saruji. Saruji haipitishi, unyevu unanasa nyuma yake, chumvi inaota, na msimu wa mvua ukija inadondoka vipande vikubwa ikiwa imeng'oa na mawe. Chumba changu cha nyuma kilirekebishwa hivyo mara mbili kabla yangu. Mara ya tatu nilimtafuta fundi mzee anayejua kuchanganya chokaa na mchanga, na huu ni mwaka wa nne hakijadondosha hata punje. Kwa hiyo kabla ya kulipa, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mvungu, kuna saruji imeachana na ukuta. Na tazama mwisho wa boriti zinapoingia ukutani, hapo ndipo mchwa huanzia.

Mikindani pia kuna matope. Bahari ikipwa, ghuba inabaki tope la mikoko na harufu yake, na anayeipenda nadhani alizaliwa nayo. Ukitaka ufukwe mweupe wa kutembea, huo uko Shangani, au panda kivuko uvuke kwenda Msangamkuu. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama Msangamkuu nako panafaa kuishi. Panafaa sana, kwa mtu ambaye hana zamu ya saa moja asubuhi.

Chakula, ibada na maneno ya kuyaacha

Samaki ni samaki. Pweza wa Mikindani ni bora, nitabishana na yeyote. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha utaipata pande zote ikifika msimu, na mtu wa bara asione haya kuuliza inaliwaje: unaimenya, unachovya chumvi na pilipili, unanyamaza. Korosho usinunue kwa anayekimbilia basi.

Msimu wa korosho wenyewe, minada inapoanza kuanzia mwezi wa kumi, unabadilisha Mikindani kuliko Shangani. Shangani mshahara ni wa kila mwezi na maisha ni yaleyale. Mikindani nusu ya jirani zangu wana mashamba au ndugu wenye mashamba, malipo yakiingia ndipo arusi zinapopangwa, bati linapopandishwa, madeni ya dukani yanapofutwa. Ngoma za kuwatoa wari na watoto wa jando hufuata likizo za shule, na hapo sahau usingizi wiki mbili. Ukialikwa, nenda. Ukiwa na binti, wazee wa kike watakuuliza mpango wako juu ya unyago wake. Jibu lolote ni sawa ilimradi umelitoa kwa adabu na si kwa kucheka.

Mikindani ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa. Mimi ni Mkristo na sijapata kukosewa heshima hata siku moja, ila Ramadhani mchana huwezi kupata chai ya mgahawa, na mimi nilijizoeza kutokula mbele za watu. Futari ninayoletewa ni nyingi kuliko ninayoweza kuila. Jumapili napanda daladala kwenda Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo kuta zake zimejaa picha kubwa zilizochorwa na Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini Mjerumani. Hata kama si Mkatoliki, ingia uangalie. Anayekaa Shangani anafika hapo kabla misa haijaanza. Mimi mara nyingi naingia wakati wa somo la kwanza.

Na suala la gesi. Kote kuwili utataka kulizungumzia, maana wewe mgeni umelisikia redioni. Mei 2013, baada ya kuthibitishwa bungeni kwamba bomba litajengwa kwenda Dar es Salaam, mji huu uliwaka, watu wakafa na nyumba zikachomwa. Shangani utapata maoni ya mtu anayesoma magazeti. Mikindani utapata kimya, kisha mzee mmoja atakuambia, "Njomba, hayo yana wenyewe," hata kama wewe ni mwanamke. Ngoja mwaka wa pili, utasimuliwa bila kuuliza.

Nani aende wapi

Umekuja kwa mkataba wa miaka miwili, una gari la kazi, unafanya kazi mpaka usiku, unataka ukifunga mlango dunia ibaki nje: Shangani, na usione haya. Una mchumba ambaye hutaki kumwelezea mtu: Shangani, tena haraka. Mume na mke wote wafanyakazi, mtoto mchanga, hakuna bibi wala shangazi wa karibu: hapo ningekwambia Mikindani hata kabla hujamaliza kusema, ilimradi mmoja wenu anaweza kuvumilia kuulizwa maswali. Mstaafu anayetaka baraza, kahawa na bao: Mikindani, wala hakuna mashindano. Kijana wa kiume bila mke anaweza kuishi popote, lakini Mikindani atakuwa ameozeshwa kwa maneno mara tatu kabla ya mwaka kwisha.

Kama bado unasita, panga Shangani miezi mitatu kwanza, na kila Ijumaa baada ya saa tisa panda daladala uje ukae Mikindani karibu na ghuba. Nunua kahawa. Usipige picha za watu. Wiki ya tatu, kama hakuna aliyekuuliza wewe ni wa nani, rudi zako Shangani uendelee na maisha.

Na ukishaamua kuja, usimlipe dalali. Nyumba nyingi za mji wa kale ni za urithi. Anayekuonyesha chumba anaweza kuwa mmoja wa ndugu watano, na wawili wako Dar es Salaam, mmoja Tanga, na wa tano hasemeshani na hao wengine. Mimi nililipa kodi ya miezi sita kwa kaka, na mwezi wa pili dada akaja na mabegi yake kuhamia chumba cha mbele. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa karatasi, waitwe ndugu wote au wapigiwe simu mbele yako, waandike majina yao. Ndipo utoe pesa.